Tenganisha Kwanza, Lori Baadaye: Sheria ya Taka Ikisomewa Peramiho

Ukitaka kujua kama halmashauri yako inafanya kazi kwenye suala la taka, huwa unauliza nini? Wengi wetu tunauliza: ina malori mangapi? Imezoa tani ngapi? Dampo liko wapi? Ni maswali ya kawaida kabisa, na viongozi wameyazoea.

Leo nataka tuyahoji maswali yenyewe. Hoja yangu ni fupi: kwa sehemu kama Peramiho, lori linapaswa kuwa hatua ya mwisho, na tunakosea kwa kulifanya la kwanza. Tukiiga mfumo wa jiji kama ulivyo, tutalipa gharama ya kubeba vitu ambavyo havikutakiwa kutoka nyumbani, halafu tutavirundika kwa jirani. Sheria ya nchi inasema hivyohivyo kwa lugha yake, na sayansi iko upande wake. Shida iko kwenye mpangilio wa utekelezaji.

Peramiho ni mji au kijiji?

Kwa msomaji asiyepafahamu: Peramiho iko kilomita kama 24 kutoka Songea mjini, mkoani Ruvuma. Inajulikana kwa abasia ya Wabenediktini, ambao walifungua misheni pale mwaka 1898, na kwa hospitali kubwa ya misheni inayopokea wagonjwa kutoka mbali. Kuna karakana, shule, maduka, nyumba za kupanga, sokoni kuna watu. Kwa macho ni mji. Lakini ukitembea kidogo tu unakuta shamba la mahindi, migomba na bustani za mboga.

Kiutawala, Peramiho iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Songea. Hiyo siyo Manispaa ya Songea. Ni halmashauri mbili tofauti zenye jina moja. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, nitairudia mwishoni.

Kwa hiyo tuna eneo lenye taka za mji na ardhi ya kijiji. Mtu wa Dar es Salaam angetamani sana kuwa na bahati hiyo.

Sheria inasema nini hasa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, inaweka jukumu la taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa. Soma kifungu cha 114. Kinazitaka mamlaka hizo ziweke utaratibu wa taka za aina mbalimbali kutenganishwa pale zinapozalishwa. Kisha ziweke viwango vya vyombo vya kuhifadhia, hadi ukubwa, umbo na rangi. Kisha ziweke namna ya kushirikisha sekta binafsi na asasi katika kuelimisha watu. Habari za ukusanyaji, usafirishaji na utupaji wa mwisho zinakuja kwenye vifungu vinavyofuata.

Angalia mpangilio huo. Kupunguza na kutenganisha kumetangulia, kubeba kumefuata, kutupa ni mwisho. Aliyeandika kifungu hiki alielewa sayansi ya taka vizuri.

Lakini nina malalamiko mawili juu yake. La kwanza, kifungu hakitaji tarehe ya mwisho. Halmashauri inaambiwa iweke utaratibu, haiambiwi lini. Ndo maana zaidi ya miaka 20 baadaye bado Mtanzania wa kawaida anatupa ganda la ndizi, betri ya tochi na chupa ya plastiki kwenye kiroba kimoja, wala hajisikii kama amevunja utaratibu wowote. La pili, kinaingia kwenye rangi ya ndoo kabla ya kuuliza kama nyumba yenye uwanja na bustani inahitaji ndoo ya taka zinazooza, au inahitaji shimo tu. Hapo unasikia sauti ya mjini ikiongea ndani ya sheria ya nchi nzima.

Mfumo wa jiji ulitupeleka wapi

Kabla Peramiho haijaiga, tuuangalie mfumo unaoigwa.

Miaka ya 1980 taka za Dar es Salaam zilikuwa zinamwagwa Tabata. Moshi, harufu na nzi vikawachosha wakazi, wakaenda mahakamani. Kesi ilifunguliwa mwaka 1988, na Mahakama Kuu ikaamuru dampo lifungwe. Jiji likaomba kuongezewa muda, mara ya kwanza, mara ya pili. Mwaka 1991 mahakama ikakataa, ikasema kuwachafulia watu hewa kiasi hicho kunahatarisha haki yao ya kuishi, haki iliyomo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Ni moja ya hukumu muhimu za mazingira katika nchi hii, na waliyoipigania walikuwa wananchi waliochoka na moshi.

Baada ya Tabata? Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, wakashinda. Zikahamia Vingunguti. Baadaye Mtoni. Baadaye Pugu Kinyamwezi. Umeona mchezo? Dampo linahama kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine, na kila likihama safari ya lori inarefuka.

Jiji kubwa linaweza kujitetea kwamba halina nafasi na halina mashamba. Peramiho haina utetezi huo.

Kwenye ndoo kuna nini?

Sasa tufanye hesabu. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 inakadiria kwamba mtu mmoja katika Afrika Kusini mwa Sahara anazalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Ripoti hiyohiyo inaonyesha kuwa katika nchi za kipato cha chini, zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani.

Chukua kaya ya watu watano: kilo 2.3 kwa siku. Chukua kaya 1,000: tani 2.3 kwa siku, karibu tani 840 kwa mwaka. Kama nusu yake inaoza, tani 420 hivi kila mwaka ni maganda, mabaki ya ugali, majani ya mboga, magunzi. Huo ni wastani wa ukanda mzima na haujapimwa Peramiho, lakini unatupa picha ya ukubwa wa jambo lenyewe. Ongeza majivu ya kuni na mkaa na mchanga wa kufagia uwanja, ambavyo navyo ni vizito na havina sababu ya kupanda lori.

Taka zinazooza zimejaa maji, kwa hiyo unaponunua dizeli ya kuzibeba, sehemu kubwa ya unachosafirisha ni maji. Ripoti niliyoitaja inasema kwamba kwenye nchi za kipato cha chini, huduma ya taka inakula kwa wastani asilimia 20 ya bajeti ya halmashauri za miji. Halmashauri ya wilaya yenye barabara za vumbi, zahanati na madarasa ya kujenga haina hela ya kusafirisha maji ya maganda ya matikiti.

Ukichanganya, umeharibu vyote

Kuna watu wanasema, "Si tuchanganye tu, watatenganisha huko dampo." Hapana, na sababu ni ya kikemia.

Karatasi safi ina thamani. Karatasi iliyolowa mchuzi haina. Chupa kavu ya plastiki inauzika. Chupa iliyopakwa majivu na mabaki ya dagaa inahitaji kuoshwa, na kuosha ni gharama. Upande wa pili, ganda la ndizi ni chakula cha udongo, lakini likikaa pamoja na betri iliyopasuka na vipande vya nailoni, hakuna mkulima atakayeitaka mboji yake. Yaani dakika moja ya kuchanganya inazigeuza mali mbili kuwa uchafu mmoja.

Halafu kuna kinachotokea ndani ya lundo. Taka mbichi zikifunikwa na taka nyingine, hewa inakosekana. Vijidudu vinavyohitaji oksijeni vinakufa, vinachukua nafasi vile visivyoihitaji, na hivyo vinatoa methani. Tani moja ya methani inapasha joto angahewa takriban mara 28 zaidi ya tani moja ya kaboni dayoksaidi ukihesabu miaka 100. Mvua ikinyesha, maji yanapita katikati ya lundo yakiyeyusha kila kitu njiani, yanatoka chini meusi na kuelekea kisimani au mtoni. Toa taka zinazooza kwenye lundo na matatizo haya mawili yanapungua sana, pamoja na harufu, nzi na panya.

Na kuchoma? Kila mtu anachoma, tuseme ukweli. Moto wa uani hauna joto la kutosha kuunguza plastiki kikamilifu. Unatoa masizi, na kukiwa na plastiki ya aina ya PVC unaweza kutoa dioksini, sumu inayokaa muda mrefu kwenye mwili na kwenye mafuta ya wanyama. Kuku anayechakura kwenye majivu hayo, wewe ndo unakula mayai yake.

Ruvuma inajua kuzika majani

Inafurahisha kwamba wazo la kurudisha mabaki kwenye udongo halihitaji mtaalamu kutoka nje. Jirani zetu Wamatengo wa Mbinga wana kilimo cha ngoro: wanafyeka majani, wanayalaza kwa mistari inayokatizana, wanayafunika kwa udongo na kuacha mashimo katikati. Majani yanaoza chini ya tuta, yanalisha mazao, na mashimo yanashika maji ya mvua yasibebe udongo wa mteremkoni. Hiyo ni mboji inayotengenezwa hapohapo shambani, na ilikuwepo kabla ya sheria yoyote ya mazingira.

Mboji ya nyumbani inafuata kanuni ileile. Vijidudu vinataka kaboni na naitrojeni kwa uwiano: kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni, sehemu 25 hadi 30 za kaboni. Mabaki ya jikoni yana naitrojeni nyingi, yakiwa peke yake yananuka. Mabua ya mahindi yana kaboni nyingi, yakiwa peke yake yanakaa muda mrefu bila kuoza. Yapange kwa tabaka, jikoni kidogo na mabua zaidi, nyunyiza maji hadi yawe kama kitambaa kilichokamuliwa, geuza kila baada ya wiki moja au mbili. Likifanywa sawasawa, lundo kubwa linafika nyuzi joto 55 na zaidi, joto linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi.

Kalenda yetu nayo inasaidia. Ruvuma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi. Baada ya mavuno mabua yapo tele, na mara nyingi yanachomwa. Anza mboji Juni au Julai, itakuwa tayari kabla ya kupanda. Kiangazi tumia shimo ili unyevu usipotee. Masika tumia lundo la juu ya ardhi, maana shimo litajaa maji.

Lakini tusidanganyane. Wahamasishaji wengi wanakuambia mboji itaondoa haja ya mbolea ya dukani. Piga hesabu mwenyewe. Kaya ya watu watano inapata kama kilo 420 za taka zinazooza kwa mwaka. Robo yake tu ndiyo kitu kikavu, kilo 105. Ukichukua naitrojeni asilimia 2, ni kilo 2.1, na nyingine inapotea hewani wakati wa kuoza. Mfuko mmoja wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa hiyo mkulima wa mahindi, endelea kufuatilia mbolea ya ruzuku. Mboji ya jikoni inatosha bustani ya mchicha na chainizi, migomba, mipapai, na inaufanya udongo ushike maji. Faida yake kubwa kwa halmashauri ni kwamba nusu ya mzigo haitoki nyumbani.

Plastiki: umbali ndio adui

Taka kavu nazo zina somo lake. Vyuma chakavu havikai jalalani, mnunuzi wa skrepa anavifuata hadi mlangoni. Chupa ya soda ya kioo hairuki barabarani kwa sababu ina hela yake dukani, ukiirudisha unapata nyingine bila kulipia chupa. Hakuna afisa afya anayemlazimisha mtu. Thamani inatosha.

Chupa ya maji ya plastiki haina bahati hiyo. Ikiwa na gramu 15, unahitaji chupa kama 65 kupata kilo moja. Zikiwa hazijabanwa zinajaza nafasi kubwa kwa uzito mdogo, na Dar es Salaam, kwenye soko kubwa la kuchakata, ni zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Lori lililojaa chupa ambazo hazijabanwa linabeba hewa. Ndiyo maana ningependa kuona hela ya kwanza ikienda kwenye banda kavu la kuhifadhia na mashine ya kubana chupa ziwe marobota. Mashine hiyo, tofauti na lori, inaweza kuendeshwa na kikundi cha vijana au wanawake kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri zinatakiwa kuitenga.

Na tukumbuke hatua iliyofanikiwa zaidi kwenye taka za nyumbani katika miaka ya karibuni. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchi nzima. Haikuzolewa na lori, ilizuiwa isije. Haikuwa kamili: vifungashio vyepesi vya nailoni vilianza kubebea nyanya na vitumbua kana kwamba ni mifuko. Hata hivyo ule mfuko mweusi uliokuwa umening'inia kwenye kila mti umepungua mno. Kuzuia kumefanya kazi kuliko kuzoa.

Kinachobaki

Ukishatoa kinachooza, majivu, na kinachouzika, unabaki na kifurushi kidogo lakini kigumu: pampasi, pedi, betri, vipande vya vioo, viatu vilivyokwisha, vifungashio vya biskuti. Hapa mboji haisaidii, mnunuzi hayupo. Hapa ndipo halmashauri inahitajika kweli: mahali maalumu pa kutupia, palipochaguliwa mbali na vyanzo vya maji, penye uzio, na chombo cha kufikisha mzigo huo. Kwa kuwa mzigo umepungua, huenda trekta na tela au guta likatosha pale ambapo tulidhani tunahitaji lori. Taka za hospitali, sindano na bandeji, ni habari nyingine yenye kanuni zake, zisichanganywe na za nyumbani hata siku moja.

Hoja za wanaopinga

Ya kwanza: "Tukitenganisha, mzoaji anakuja kuchanganya tena." Hoja hii ni ya kweli, na imewavunja moyo watu sehemu nyingi. Lakini tazama inamlaumu nani. Kama halmashauri haina njia mbili za kupokea, isihubiri ndoo mbili. Uzuri ni kwamba mboji ya nyumbani haimpitii mzoaji, kwa hiyo unaweza kuanza kabla ya mfumo wake kutengemaa.

Ya pili: "Mpangaji wa chumba kimoja karibu na hospitali au sokoni hana bustani." Kweli kabisa. Kwa huyo, na kwa soko lenyewe, panahitajika shimo la pamoja lenye msimamizi anayelipwa. Msimamizi wa kujitolea hudumu hadi msimu wa kilimo unapoanza.

Ya tatu: "Tuna usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi." Siku hiyo ina thamani yake, inatukutanisha. Lakini tukifagia, tukarundika, tukawasha moto, tumehamisha uchafu kutoka ardhini kwenda hewani. Barabara inapendeza, mapafu hayajui kama ilikuwa siku ya usafi.

Maswali matatu ya mkutano wa kijiji

Sasa nirudi kwenye ile tofauti ya halmashauri ya wilaya na manispaa. Mtaa wa mjini hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Kijiji kinayo. Serikali ya kijiji inaweza kupendekeza sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji ukaijadili, halmashauri ya wilaya ikaidhinisha. Mkutano huo kwa sheria unatakiwa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Kwa lugha nyingine, wananchi wa eneo la Peramiho wana chombo ambacho wakazi wa Tabata hawakuwa nacho, wakalazimika kwenda Mahakama Kuu.

Kwa hiyo mkutano ujao, ukiacha kuuliza lori linakuja lini, uliza haya:

1. Taka zetu zimepimwa? Wiki moja ya kupima kaya 30 kwa mzani wa dukani inatosha kujua kinachooza ni asilimia ngapi. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kuifanya kama zoezi la sayansi.

2. Sheria ndogo yetu inataja kutenganisha, au inataja ada na faini tu?

3. Hela inayotengwa kwa taka, kiasi gani kinaenda kuzuia zisitoke nyumbani, na kiasi gani kinaenda kuzibeba?

Ukipata majibu, yaandike na uyalete hapa tuyajadili. Ukikosa majibu, basi mkutano unaofuata uanze na swali la kwanza, na beba mzani.